KWININI: JINA LILILOTOKA KWENYE GOME



Kitu kikiwa kichungu sana tunasema, "Kichungu kama kwinini!" Leo tulitazame jina hilo. Limetoka wapi?

Limetoka mbali, milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wenyeji wa huko husema Kiketchua. Kwa lugha yao gome la mti ni kina. Gome la dawa likaitwa kina-kina. Wamerudia neno, kama sisi tunavyosema polepole.

Katika karne ya 17 gome hilo lilianza kupelekwa Ulaya kutibu homa. Mti wenyewe Wazungu waliuita sinkona, kwa heshima ya mke wa mtawala wa Peru. Ilisimuliwa kwamba mama huyo aliponywa na gome. Hadithi hiyo si ya kweli, lakini jina limebaki!

Mwaka 1820, mjini Paris, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa ndani ya gome kile kitu chenyewe kinachotibu malaria. Wakakipa jina kutokana na lile neno kina. Ndiyo kwinini yetu.

Basi jina linasema gome. Lakini dawa si gome. Gome moja lina kwinini nyingi, jingine lina kidogo. Ukichemsha sufuriani hujui umekunywa kiasi gani. Ikiwa kidogo, malaria haiponi. Ikizidi, masikio huvuma, macho huona giza, na moyo unaweza kudhurika.

Tena wako wanaosema kila mti mchungu una kwinini. Sivyo. Mwarobaini ni mchungu kweli, lakini hauna kwinini hata chembe. Jina lake nalo limetokana na maneno ya watu, kwamba unatibu magonjwa arobaini. Mimi sijaona mtu aliyeyahesabu.

Siku hizi malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa mseto. Malaria kali hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesuneti. Kwinini imekuwa dawa ya akiba, na hutolewa na mganga tu.

Mama, mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Akishikwa na degedege, akitapika kila kitu, au akishindwa kunyonya, ondoka naye mara moja, hata usiku. Usingoje maji ya kuchemshia magome.