Koleo Lililovunjika: Methali na Uamuzi wa Kurudia Mtihani wa Udaktari

Methali "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" aghalabu hutumiwa kumliwaza aliyeanguka mtihani. Makala haya yanashikilia kwamba methali hiyo haimhimizi mtu arudie tu. Humtaka kwanza atafute koleo jingine.

Chukua mfano wa MCAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi vya udaktari vya Marekani na Kanada kuteua wanafunzi. Tangu mwaka 2015 una sehemu nne, kila moja ikiwa na alama 118 hadi 132. Jumla ni 472 hadi 528. Mtahiniwa huruhusiwa kuufanya mara 3 kwa mwaka, 4 katika miaka miwili mfululizo, na 7 maishani. Alama za awali hazifutwi; vyuo huziona zote. Hapo ndipo inapoingia methali "Maji yakimwagika hayazoleki."

Je, methali hizi zinapingana? La hasha. Ya pili yaeleza gharama. Ya kwanza yaeleza sharti. Mhunzi akishika chuma cha moto kwa koleo bovu huungua. Vivyo hivyo, mtahiniwa hana budi kuchunguza alama za kila sehemu ajue palipovunjika: ni maarifa ya sayansi, ufahamu wa matini, au matumizi ya muda? Akipajua, na akapata wasaa wa kuparekebisha, kurudia kuna maana. Asipopajua, atarudia kosa lile lile.

Zoezi: Taja methali nyingine ya liwazo, kisha ubainishe sharti lililofichika ndani yake.