Programu ya Simu: Tuitoe Wapi?

Wakulima wa mihogo wanatuuliza sana juu ya Nuru. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani, nayo inakuambia kama kuna ugonjwa wa mozaiki. Ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na FAO na IITA. Ni ya bure, na ikishaingia inafanya kazi hata shambani pasipo rezo.

Lakini mtu wa Rubare ao Kiwanja ataitoa wapi? Mega ni bei, basi wengi wetu tunaomba mwenzetu atutumie kwa Bluetooth ao Xender, ao tunamwachia simu kijana wa kibanda cha kuchaji. Hatulaumu mtu, mfuko ndio unaamua. Shida ni kwamba faili ikipita mkono kwa mkono, hakuna anayejua ilianzia wapi. Jina na picha vinaweza kuwa vya Nuru, kumbe ndani ni kitu kingine kinachosoma mesaji zako. Kode ya WhatsApp inakuja kwa mesaji. Mwizi akiiona, anachukua akaunti yako na kuomba memba pesa kwa jina lako. Ukiwa presidenti ao mweka hazina, watatuma! Na tangu banki zifungwe Goma mwanzoni mwa 2025, pesa nyingi za mavuno zinapita kwa simu tu.

Kwa hiyo, kwenye simu ya Android, chukua programu ndani ya Play Store. Usifuate linki ya kundi la WhatsApp. Soma jina la mtengenezaji chini ya jina la programu. Simu ikikuomba kuruhusu « sources inconnues », kataa. GB WhatsApp, ambayo vijana wanaipenda, haikutengenezwa na kampuni ya WhatsApp na haimo Play Store. Angalia pia ruhusa: Nuru kuomba kamera ni haki yake, kuomba mesaji hapana.

Juu ya mega, memba wangojee siku moja yenye wifi, kila mtu apakue kwa simu yake mwenyewe.

Na kama tayari uliweka kitu cha mkononi? Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, chagua Play Protect, uache ipime. Inapima hata programu zilizotoka nje ya Play Store. Ikikuonya juu ya moja, itoe siku hiyohiyo, kisha ubadilishe namba ya siri ya pesa.