SOMO LA KUSOMA HADITHI: SALA YENYE NUSU MBILI



Leo tutasoma habari za hadithi fupi ambayo mwandishi wake alikufa kabla haijachapwa. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita "Sala ya Vita". Aliyeiandika ni Mmarekani, Mark Twain. Aliiandika mwaka 1905. Akafa mwaka 1910. Mwaka 1923 ikatiwa katika kitabu cha maandishi yake. Hebu tuone kwa nini ilichelewa hivyo.

Mwandishi ni nani?

Jina lake la kuzaliwa ni Samuel Clemens. Alizaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 11. Baada ya hapo aliacha shule, akaenda kujifunza kazi ya kupiga chapa. Alipanga herufi moja moja mpaka zikawa ukurasa wa gazeti. Elimu yake nyingi aliipata kwa kujisomea mwenyewe. Baadaye alikuwa rubani wa meli katika mto Mississippi. Huko, wapimaji wa kina cha maji walipokuta pima mbili walipaza sauti: "Mark twain!" Maana yake, maji yanatosha, meli ipite. Jina hilo ndilo alilojipa.

Twain alikuwa mwandishi wa kejeli. Mtu wa kejeli hasemi tu kwamba jambo fulani ni baya. Analieleza jambo hilo mpaka ubaya wake unajitokeza wenyewe. Wasomaji wanaanza kwa kucheka, kisha wanajiona wao wenyewe ndani ya hadithi.

Hadithi yenyewe

Nchi moja imeingia vitani. Nchi hiyo haitajwi jina. Ngoma zinapigwa, bendera zinapepea, vijana wamevaa sare mpya. Watu wachache waliothubutu kuipinga vita wametishwa, wakanyamaza.

Siku ya Jumapili kanisa limejaa. Kesho askari wataondoka. Mchungaji anaomba sala ndefu na tamu: Mungu awalinde vijana wetu, awape ushindi. Watu wanatokwa machozi.

Mara anaingia mzee mgeni, kanzu ndefu, nywele nyeupe. Anapita katikati mpaka mbele, anamwashiria mchungaji ampishe. Anasema ametumwa na Mungu. Sala yenu imesikika, anasema, lakini mmeomba sala mbili. Moja mmeitamka kwa mdomo. Ya pili imo ndani yake, nanyi hamkuitamka.

Mzee anatoa mfano wa mvua. Anayeomba mvua kwa ajili ya shamba lake huenda anamwombea hasara jirani ambaye mazao yake hayaitaki. Sisi wakulima tunalijua hilo. Mmoja anangoja mvua mahindi yake yabebe, na mwenzake ameanika maharage uani!

Kisha mzee anaitamka ile nusu iliyofichwa. Anaomba askari wa upande wa pili wararuliwe kwa mizinga. Anaomba nyumba zao zichomwe moto, wajane walie, na watoto watangetange kwa njaa na kiu. Akimaliza anawaambia: kama bado mnataka hayo, semeni, mjumbe wa Mungu anangoja.

Watu wanajibu nini? Hadithi inatuambia tu kwamba baadaye walimwona mzee huyo kuwa ni kichaa, eti maneno yake hayakuwa na maana. Kejeli yote imo katika mwisho huo. Aliyesema kweli ndiye aliyeitwa mwendawazimu.

Kwa nini haikuchapwa?

Mwaka 1898 Marekani iliishinda Hispania vitani. Kwa mkataba wa amani ilichukua Visiwa vya Ufilipino, ikailipa Hispania dola milioni 20. Lakini Wafilipino walitaka kujitawala. Mwaka 1899 vita vikaanza kati yao na Wamarekani. Twain alivipinga. Mwaka 1901 aliwakosoa wakubwa wa serikali yake waziwazi katika gazeti. Mwaka 1905 alitoa kijitabu cha kumkejeli Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa ukatili wake huko Kongo.

Basi mtu aliyewagusa wafalme alishindwaje na hadithi fupi? Tunaona sababu ni hii: hadithi hii iliwagusa watu wa kawaida, tena wakiwa katika sala. Gazeti la wanawake, Harper's Bazaar, liliikataa, likisema haiwafai wasomaji wake. Twain akamwambia rafiki yake kwamba haitachapwa yeye akiwa hai, kwa kuwa ni wafu tu wanaoruhusiwa kusema kweli.

Marehemu hasahihishi

Kusema baada ya kufa kuna hatari yake. Mwaka 1916 ilitolewa hadithi nyingine ya Twain, habari za mgeni wa ajabu. Miaka mingi baadaye wataalamu waliilinganisha na maandishi ya mkono wake. Kumbe waliomchapia walikuwa wameunganisha miswada tofauti, wakakata sehemu, na hata wakamtia mtu ambaye Twain hakumweka katika hadithi hiyo! Miswada yenyewe ilichapwa mwaka 1969. Kwa hiyo, ukisoma kazi ya marehemu, uliza: nani aliitayarisha, naye amebadili nini?

Tunajifunza nini?

Kujua kusoma ni zaidi ya kutamka herufi. Tukisoma tangazo, mkataba au hotuba, tutafute pia nusu ambayo haikutamkwa. Mtu akituahidi faida, tuulize hasara itamwangukia nani.

Maneno magumu

Kejeli: kuonyesha ubaya au upuuzi wa jambo kwa mzaha wenye ukali.
Pima: urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kiasi cha futi sita.
Mswada: maandishi kabla hayajachapwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mwandishi hakuitaja nchi iliyo vitani?
2. Kama ungekuwa kanisani siku ile, ungemjibu nini yule mzee?
3. Je, Twain alifanya vema kungoja, au angeichapa mwenyewe? Toeni sababu.
4. Taja ombi moja la kijijini ambalo likitimizwa litamwumiza jirani.