Surua

Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville hata mwaka 1966. Kwanza wafanyakazi wengi wa Union Minière walikuja peke yao. Katika miaka ya 1920 kampani ikaanza kuwapokea pamoja na wake zao, watoto wakazaliwa kambini. Kampani ilitaka wawe wazima, maana iliwahesabu kuwa wafanyakazi wa kesho! Basi mama walipeleka watoto kupimwa kwenye mzani. Masista walisaidia kazi hiyo, na vifo vya watoto vikapungua.

Lakini watoto wakikusanyika, surua nayo hupata njia. Mgonjwa akikohoa, vijidudu visivyoonekana hubaki hewani muda wa saa 2, hata yeye akiisha kuondoka. Tena huambukiza wenzake siku 4 kabla ya vipele kutokea. Mama humbeba mtoto mwenye mafua na macho mekundu, asijue neno.

Wengine husema surua ni ugonjwa wa kila mtoto, huja na kupita. Sivyo. Toka mwaka 2019 hata mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo. Chanjo huizuia, hupigwa mtoto akitimiza miezi 9.

Je, mdogo wako ana homa, kikohozi na macho mekundu? Mama asiketi naye kati ya watoto wengine. Wewe tangulia mbio kwa muuguzi, umwambie, apate kumpokea mahali pa peke yake.