Plagi na Oili kwa Injini Ndogo za Kikundi

Ndugu wa vikundi, leo tuangalie injini ndogo za pawa-soo na za pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa. Kikundi huchanga pesa muda mrefu kununua mashine, halafu inaharibika kwa sababu ya oili ya shilingi chache.

Injini hizi hazina mahali pake pa kumwaga oili kama lori. Oili huingia pamoja na petroli. Ukitia petroli tupu, ukisema utaongeza oili baadaye, pistoni itakwaruza silinda na mashine itakwama.

Kipimo kimo katika kitabu cha mashine. Wakiandika 50:1, kila lita ya petroli inataka mililita 20 za oili. Wakiandika 25:1, ni mililita 40. Sisi tunapenda bomba la sindano la mililita 20, lile la kudungia ng'ombe, likiwa jipya: bomba moja kwa lita, au mawili. Basi jerikeni ya lita 5 hutaka mililita 100 au 200. Kifuniko cha chupa si kipimo, na kukisia kwa macho ni vibaya zaidi. Changanyeni katika jerikeni safi, si ndani ya tangi, mtikise vizuri na kuandika juu yake. Msichanganye ya kukaa miezi.

Oili ya lori, hapana. Huacha majivu kwenye plagi. Ile ya injini za mashua, yenye alama TC-W3, ni ya injini zinazopozwa na maji. Pawa-soo hupozwa na hewa tu, nayo huchemka zaidi. Tafuteni alama ya JASO FC au FD. Wako wanaozidisha oili wakidhani wanaisaidia mashine. La! Moshi hujaa, plagi huloa na ekzosti huziba.

Tukija kwa plagi, si kila inayoingia inafaa. Yenye hesi ndefu kupita kiasi yaweza kugongwa na pistoni. Namba nazo hudanganya: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, lakini kwa Champion namba kubwa ni ya moto zaidi. Kwa hiyo muuza duka akikwambia "saba ni saba tu," mwonyeshe kitabu. Nafasi ya cheche katika pawa-soo nyingi ni milimita 0.5.

Fungueni plagi baada ya kazi, ikishapoa. Rangi ya kahawia ni nzuri. Ikiwa nyeusi na imeloa, msikimbilie plagi ya moto zaidi. Angalieni kwanza kipimo cha oili, chujio la hewa na choki. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inachemka kupita kiasi. Zimeni, msikate hata gogo moja zaidi, mpaka fundi aangalie kabureta na mahali hewa inapopenya.