Miguu ya Wazee Inapovimba

Katika Ikutha, kusini mwa Kitui, wazee wengi hulijua jambo hili. Asubuhi mzee huvaa akala zake bila taabu. Jua linapokaribia kutua, mikanda yake imekwisha kuacha alama katika ngozi, na vifundo vya miguu vimejaa hata mifupa yake haionekani. Watu wa nyumbani husema, “Ni uzee tu.” Wengine husema ni jua, au ni baridi ya usiku iliyoingia mifupani. Maneno hayo yana ukweli kidogo, lakini huweza kumchelewesha mzee kufika hospitali. Uvimbe wa miguu si ugonjwa unaosimama peke yake. Ni habari iletwayo na mwili, nayo huweza kutoka katika mishipa ya damu, katika moyo, katika figo, katika ini, na mara nyingine katika vidonge alivyonunua mzee mwenyewe dukani.

Yafaa kwanza kufahamu maji hayo hutoka wapi. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu yapata lita 5 kila dakika. Damu kuteremka hadi miguuni si kazi. Kazi ni kupanda tena. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na nyama ya shavu la mguu. Kila mtu apigapo hatua, nyama hiyo hujikaza, huibana mishipa, na damu hupanda. Na ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyojifunga ili damu isirudi chini. Miaka ikiwa mingi, vilango hivyo hulegea. Mtu asipotembea, damu hutuama chini, na maji yake huvuja katika kuta nyembamba za mishipa midogo kabisa na kukaa chini ya ngozi. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Ernest Starling, alieleza mwaka 1896 ni nguvu gani zinazoyatoa maji katika mishipa hiyo midogo na kuyarudisha. Joto nalo hupanua mishipa, na Ikutha ni nchi ya joto.

Hapo ndipo watu wengi hukosea habari ya kupumzika. Mzee akiambiwa aipumzishe miguu, huketi juu ya kigoda chini ya mti tangu asubuhi hadi jioni, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini. Hiyo si pumziko kwa miguu iliyovimba, ni kuijaza. Bibi aliyeketi juu ya mkeka akisuka kyondo, miguu ameinyosha mbele, amefanya vema zaidi kuliko mumewe, ingawa miguu yake yeye pia ingali chini ya moyo. Pumziko la kweli ni kulala chali na kuiweka miguu juu ya mto, au juu ya gunia lililokunjwa vizuri, hata ipande juu kuliko moyo, kwa muda wa nusu saa, mara tatu au nne kutwa. Baada ya hapo mzee na aondoke, atembee mpaka bomani na kurudi. Asiyeweza kutembea na avute vidole vya miguu kuelekea kwake, kisha avisukume mbele, mara ishirini au thelathini. Kufanya hivyo huiamsha ile nyama ya shavu. Abiria wa basi lipitalo Kibwezi kwenda Nairobi au Mombasa naye afanye vivyo hivyo kitini, na basi likisimama ashuke anyoshe miguu.

Kuna kipimo ambacho mtu yeyote aweza kukifanya nyumbani. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, taratibu, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha ondoa kidole. Shimo likibaki, ni maji. Wala isidhaniwe ni machache: mwili huweza kuficha lita mbili au tatu za ziada kabla macho hayajaona uvimbe. Kisha tazama kama ni mguu mmoja au yote miwili. Miguu yote miwili ikivimba pamoja, sababu aghalabu imo katika mwili mzima, yaani moyo, figo, ini, dawa, au chakula kisicho na vya kujenga mwili. Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukauma katika shavu na kuwa na moto, huenda bonge la damu limeziba mshipa, hasa baada ya safari ndefu au baada ya kulala kitandani siku nyingi. Bonge hilo huweza kung’oka likaenda mapafuni na kuua. Mguu wa namna hiyo haufai kukandwa kwa mikono wala kusuguliwa kwa mafuta. Ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile. Ama wale wanaodhani kila mguu mnene ni matende, na wakumbuke kwamba matende ya mbu katika Kenya ni ugonjwa wa kaunti za pwani, si wa Ukambani.

Sasa kuhusu vidonge. Mzee aliyeinama juma zima akivuna pojo huumwa na magoti. Huenda dukani, hununua vidonge vya maumivu, ibuprofeni au diklofenaki, akameza leo, kesho tena, hata mwezi ukaisha. Maumivu hupungua kweli. Lakini dawa hizo huzizuia figo zisitoe chumvi na maji kama ipasavyo. Maji hubaki mwilini, presha ya damu hupanda, na miguu huvimba. Mzee akiona miguu imekuwa mizito na inauma, huongeza kidonge kingine. Basi kile anachokidhani ni tiba ndicho kinachomjaza maji, na akiwa ana moyo dhaifu au figo zilizochoka, mwendo huo huweza kumfikisha kaburini. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo watu hupeana kwa sababu huondoa maumivu upesi na kumfanya mtu anenepe uso, navyo hushika chumvi na maji.

Jambo la pili ni kinyume cha hilo. Wazee wengi wenye presha hupewa dawa iitwayo amlodipini, au nifedipini. Dawa hizi ni njema, ila kwa watu wengine huvimbisha vifundo vya miguu, kwa kuwa hulegeza mishipa midogo na maji yakapata njia. Mzee akiona hivyo, huzitupa. Miguu hupungua, naye hufurahi. Lakini presha hupanda kimya kimya, na kiharusi hakipigi hodi. Njia iliyo sawa ni kurudi kwa daktari na kumwonyesha miguu. Yeye aweza kupunguza kipimo au kutoa dawa ya namna nyingine. Wala mtu asiazime kwa jirani dawa ya kukojoza. Furosemidi hutoa maji pamoja na madini ambayo moyo huyahitaji. Huweza kumtia mzee kizunguzungu akaanguka na kuvunjika nyonga, na uvimbe uliotokana na amlodipini hauiondoi ipasavyo.

Chumvi ndiyo hushika maji mwilini. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo pia chumvi ya unga wa mchuzi wa dukani. Muthokoi, isyo, pojo na mbaazi hazina chumvi nyingi zenyewe. Mkono wa mpishi ndio huitia. Kunde hizo zina faida nyingine, kwa sababu mzee anayeishi peke yake kwa uji na ugali mtupu huweza kuvimba kwa kukosa vyakula vya kujenga mwili. Lakini maji ya kunywa yasipunguzwe bila amri ya daktari. Katika joto la Ikutha kufanya hivyo ni hatari.

Yako mambo ya kienyeji pia. Mizizi si upuuzi wote. Daktari William Withering wa Uingereza alijifunza tiba ya maji ya mwili katika mchanganyiko wa majani wa bibi mmoja wa shamba, akachapisha kitabu juu ya mmea wake mwaka 1785, na dawa ya moyo ya jamii hiyo ingali inatumika. Lakini yeye huyo aliona kwamba kuzidisha kidogo tu huwa sumu, naye alitumia miaka mingi kutafuta kipimo. Ama kuchanja ngozi iliyovimba ili maji yatoke, ni jambo baya kabisa. Ngozi hiyo hupona kwa shida, na kidonda chake, hasa kwa mwenye kisukari, huweza kuishia kukatwa mguu. Miguu na ioshwe kwa maji yasiyo moto, ikaushwe katikati ya vidole, ipakwe mafuta isipasuke. Soksi na bandeji za kubana zisivaliwe kabla daktari hajapima kama damu inafika vizuri miguuni.

Mzee akikosa pumzi, akishindwa kulala chali, akiumwa na kifua, akikojoa kidogo mno, au uzito ukiongezeka kilo 2 kwa siku tatu, asingoje siku ya soko. Na apelekwe hospitali ya Ikutha, au ya misheni huko Mutomo. Kwa uvimbe wa polepole, mhudumu wa afya ya jamii aweza kuanza kwa kumpima presha nyumbani. Wahudumu hao walipewa mifuko ya vifaa na serikali kuanzia mwezi wa Septemba 2023. Anayemsindikiza achukue vidonge vyote vya nyumba ile katika mfuko mmoja, vya hospitali, vya dukani na vya jirani, pamoja na mizizi ikiwa inatumika, asifiche hata kimoja, na aweze kumwambia daktari uvimbe ulianza mwezi gani, katika mguu upi, na kama asubuhi huwa umepungua.