Umerudi kutoka ng'ambo? Mwili wako bado ni mgeni

"Daktari, mimi ni mzaliwa wa Siaya. Malaria itanifanya nini?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi katika kliniki yangu, hasa miezi ya Agosti na Desemba, wakati ndege zinapoteremsha Wakenya wanaoishi Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba. Anayeuliza huwa anacheka. Mimi huwa sicheki, kwa sababu jibu ni kwamba inaweza kumuua, tena upesi kuliko binamu yake ambaye hajawahi kutoka Siaya.

Juma hili tuzungumze juu ya afya ya mtu anayerudi nyumbani baada ya kukaa ng'ambo. Kuhusu kwenda, maandalizi huwa mengi: chanjo, viza, koti la baridi. Kuhusu kurudi, watu hudhani hakuna la kuandaa. Mtu si anarudi kwao? Anajua njia, anajua lugha, hata bei ya sukuma wiki anadhani anaijua. Lakini huku moyo ukijiona mwenyeji, mwili huwa umekwisha zoea mahali pengine, na tofauti hiyo ndiyo inayowaleta wagonjwa kwangu.

KINGA HAIKUNGOJI

Mtoto anayekulia kando ya Ziwa Victoria au sehemu za Pwani huumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mwaka baada ya mwaka. Watoto wengi huugua vibaya kabla ya kufikisha miaka mitano na wengine hufa. Wale wanaopona, miili yao hujifunza kidogo kidogo kupigana na vimelea hivyo. Kinga hii haimzuii mtu kuambukizwa. Kazi yake ni kuufanya ugonjwa uwe mwepesi, ndiyo sababu mvuvi wa Homa Bay anaweza kuwa na vimelea katika damu yake na bado akaamka alfajiri kwenda ziwani.

Sharti lake ni moja: mwili ukumbushwe kila mara. Ukikaa miaka kadha mahali pasipo na mbu hao, kinga hupungua sana. Haifutiki yote, lakini hospitali haina kipimo cha kukuambia umebaki na kiasi gani, kwa hivyo usiitegemee. Watoto wako waliozaliwa Boston au Manchester hawana kinga hiyo hata kidogo, na mama mjamzito yuko hatarini zaidi.

Na hapa nawageukia wasomaji ambao hawajawahi kupanda ndege. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na malaria huambukizwa hapa kwa nadra sana. Mtoto aliyezaliwa Buruburu, anayepelekwa kwa nyanya yake Busia kila Desemba, hana tofauti kubwa na yule wa Manchester. Mpe chandarua chenye dawa hata kama nyanya anasema mbu wa mwaka huu ni wachache.

Nitaeleza kisa kimoja, nikibadilisha mambo kadha ili mwenyewe asitambulikane. Fundi wa umeme aliyeishi Minnesota miaka 14 alikuja kumzika mamake karibu na ziwa. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, naye akalala usiku tisa sebuleni bila chandarua. Alikuwa amerudi Nairobi kichwa kilipoanza kumuuma na baridi ikamshika. Akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge vya maumivu na dawa ya taifodi bila kupimwa chochote. Siku ya nne dada yake alimleta kwangu. Macho yalikuwa ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na alikuwa akimwita dada yake kwa jina la marehemu mama yao.

Kipimo kilionyesha malaria kali. Alilazwa, akapewa artesuneti kwa mshipa, figo zikakataa kazi, na damu yake ikabidi isafishwe kwa mashine. Alipona. Alitoka hospitalini baada ya siku 19, mwembamba, na tikiti yake ya kurudi ilikuwa imepita. Siku nne hizo ndizo zilizomgharimu figo zake kwa muda, kwa maana malaria ya aina ya falsiparumu haimngoji mtu asiye na kinga.

Dalili kwa kawaida huanza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, lakini zinaweza kuchelewa wiki kadha, hata miezi. Ukishikwa na homa katika muda huo, pimwa siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha kitu na homa inaendelea, rudia katika muda wa siku moja au mbili. Na kama umekwisha kurudi Minneapolis au Birmingham, mwambie daktari wa huko kabla hajakuuliza: "Nimetoka Kenya." Bila maneno hayo anaweza kukutibu mafua.

Kumbukumbu nazo zina hatari yake. Mtu akiondoka nchini huibeba Kenya ya mwaka ule. Aliyeondoka mwaka wa 1995 huja akiuliza klorokwini. Nchi yetu iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaingia Fansidar. Aliyeondoka mwaka wa 2001 huuliza Fansidar, nayo sera ya mwaka wa 2004 iliiweka kando na kuleta dawa ya mseto iitwayo AL. Mtu mzima humeza vidonge 24 vya AL kwa siku tatu, vinne kila mara, na huvimeza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili viingie mwilini vizuri. Kuacha siku ya pili kwa sababu kichwa kimepoa ni kuupa ugonjwa nafasi ya kurudi.

Ambaye bado hajasafiri ana bahati, kwa sababu zipo dawa za kuzuia. Mseto wa atovakuoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia mahali penye malaria na huendelea siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini huendelea wiki nne baada ya kutoka, na mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Meflokwini haimfai mtu aliyewahi kuugua akili. Daktari wako achague, na chandarua kibaki pale pale, dawa au hapana dawa.

MAJI, SAA NA BARABARA

Tumbo nalo husahau. Aliyezoea kunywa maji ya mfereji kule Toronto hufungua mfereji wa Eastleigh na kufanya vivyo hivyo. Chemsha maji, na kachumbari ya kando ya barabara ikupite kwanza. Ukihara, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya usawa, unywe kidogo kidogo. Damu kwenye choo au homa si mambo ya kujitibu.

Kisha kuna uchovu wa saa. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane wakati kule ni majira ya baridi, na saa saba wakati wa joto. Mwili husogeza saa yake kwa kiasi cha saa moja kwa siku, kwa hivyo usikubali kuketi katika mkutano wa kugawa shamba siku ya pili baada ya kufika. Nimewaona watu waliotia sahihi wakiwa wamelala macho wazi. Anayetoka Marekani, siku mbili za kwanza atafute jua la alasiri, baadaye ndipo aamkie la asubuhi. Na katika ndege yenyewe, simama utembee kila baada ya saa moja au mbili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari ndefu, huenda ni damu iliyoganda. Mwone daktari mara moja. Ukiongeza kubanwa na pumzi, hiyo ni dharura.

Barabara haitajwi sana katika mazungumzo haya, na inapaswa kutajwa. Marekani magari hupita upande wa kulia, hapa upande wa kushoto. Miaka kumi ya kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka haiishi kwa siku moja, na bodaboda haitakusubiri ukumbuke. Usiendeshe gari usiku katika siku hizo za kwanza, hata kama shemeji amekukabidhi ufunguo kwa heshima.

DAWA ZILIZO MKOBANI

Wenye shinikizo la damu na kisukari waje na dawa za kutosha katika mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi yenye jina halisi la kila dawa, si jina la biashara pekee. Dawa ambayo Marekani huitwa asetaminofeni ndiyo parasetamoli yetu. Mtu anaweza kumeza zote mbili akidhani ni tofauti na kuumiza ini.

Vipimo vya sukari huleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Mashine za Marekani husoma kwa miligramu, zetu kwa milimoli. Mama mmoja aliyezoea kusoma 135 alipimwa hapa akaambiwa 7.5. Alishtuka, akaagiza soda mbili. Gawanya nambari ya Marekani kwa 18 utapata yetu, na ukifanya hesabu hiyo utaona kwamba sukari yake haikuwa imeshuka hata chembe.

NYUMBANI PAGENI

Nilikaa Liverpool mwaka mmoja nikisoma. Ninachokumbuka zaidi ni Desemba, giza likiingia saa kumi jioni, na majirani ambao kwa miezi kumi hawakuniuliza jina langu. Nilitamani sana kelele za nyumbani. Niliporudi, kelele zile zile zilinichosha. Wageni walikuja bila kuarifu, wakakaa hadi usiku, kila mmoja akitazama sanduku. Nilijikuta nikiukumbuka ule mlango wa Liverpool usiobishwa na mtu, na kuona haya kwa kuukumbuka.

Hisia hii inajulikana. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka wa 1960 juu ya mshtuko unaompata mtu anapoingia katika utamaduni asioujua: furaha ya mwanzo, kisha uchungu na hasira, kisha kuzoea. Mwaka wa 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaonyesha kwamba mteremko huo huja mara mbili, wa pili ukiwa baada ya kurudi kwenu. Huo wa pili ndio unaowashangaza watu, kwa sababu hakuna aliyeutarajia. Umebadilika, na nyumbani pamebadilika, nanyi nyote mnajifanya kwamba ni kama mwaka ule ulipoondoka. Kwa wengi hali hii hupungua katika miezi michache. Husaidia kulala kwa saa za kawaida, kupata shughuli ya kila siku, na kuwa na mtu mmoja au wawili waliowahi kuishi ng'ambo wa kuzungumza nao bila kuonekana unajigamba.

Wapo ambao haipungui. Ninawafikiria hasa dada zetu wanaorudi kutoka kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Saa za Riyadh na za Nairobi ni sawa kabisa, kwa hivyo kukosa kwao usingizi hakutokani na ndege. Baadhi yao walinyang'anywa pasipoti, wakafungiwa ndani, wakapigwa au kuingiliwa kwa nguvu. Mmoja aliletwa kwangu na mamake kwa sababu alikuwa akitetemeka kila kengele ya mlango ilipolia, na alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda. Nyumbani walisema amerogwa, wengine wakasema anaficha pesa. Kwa miezi minne hakuna aliyemuuliza yaliyompata, kila mtu aliuliza alichopata.

Huyu alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake una matibabu: mazungumzo ya mara kwa mara na mshauri aliyefunzwa, na wakati mwingine dawa. Nilimpeleka kwa daktari wa akili katika hospitali ya umma. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya kulala usiku kucha kitandani.

Kwa jamaa wanaompokea msafiri, haya ndiyo ya kutazama. Huzuni inayodumu zaidi ya majuma mawili. Kukosa hamu ya chakula na ya watu. Ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, pombe iliyoongezeka, kujifungia chumbani mchana. Msimuulize habari za pesa katika juma la kwanza, wala msimpangie michango. Mwulizeni amelalaje, mkae msikie jibu hata likiwa refu. Akisema kwamba amechoka kuishi, au kwamba mngekuwa na nafuu bila yeye, msimkemee na msimwambie wengine wangependa nafasi aliyopata. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Ondoeni vidonge na dawa za wadudu mahali anapoweza kuzifikia, mtu mmoja alale naye chumba kimoja usiku huo, na asubuhi mapema mmpeleke hospitali iliyo karibu, kliniki ya akili ikiwapo. Kama amekwisha kumeza kitu au amejaribu kujidhuru, msingoje asubuhi.